Kabla ya Nyufa, Mtiririko

Tetemeko la Novemba 2002 bado linasimuliwa Dodoma, na ukigusia miamba mbele ya mtu yeyote hapa mjini, mazungumzo huishia kwenye nyufa: Hombolo, Bubu, Saranda. Toleo hili, tulilolipanga tukiwa Zuzu, hapa hapa Dodoma, linawaomba wasomaji washuke chini zaidi.

Mwamba huvunjika pale ulipo baridi. Kwenye kina cha kilomita 10 hadi 15, joto hupita nyuzi 300 na kwatzi huacha kupasuka. Fuwele zake hujipinda na kuteleza ndani kwa ndani, kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka. Feldispa, ambayo ni kaidi zaidi, hungoja joto lipite nyuzi 450. Unyevu nao huharakisha kazi: mwaka 1965 watafiti Griggs na Blacic walionyesha kwamba maji kiduchu tu ndani ya kwatzi huilegeza ajabu. Kwa hiyo ufa wa msukumo, ule unaopandisha pande moja la ganda la dunia juu ya jingine, ukifika huko chini huwa si ufa tena. Huwa ukanda mpana wa mwamba uliosukumwa kama chapati, wenye chembe ndogondogo na mistari iliyolala upande mmoja. Mwanajiolojia Charles Lapworth alipoueleza mwamba wa aina hiyo kule Uskoti mwaka 1885 aliamini umesagwa. Hadubini ilikuja kuonyesha kwamba fuwele zilitiririka, zikajiumba upya.

Hapa kwetu, Zuzu imekaa juu ya kiini kikongwe cha Tanzania, pande la kale la ganda la dunia lenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Mashariki, Kongwa na Mpwapwa, unaanza Ukanda wa Msumbiji. Takriban miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana kuliunda bara kuu la Gondwana, miamba yake ilisukumwa magharibi ikapanda ukingo wa kiini hiki. Katika kilima cha Mautia, Kongwa, kuna yoderaiti, madini ya zambarau yaliyoelezwa mwaka 1959. Mwamba wenye madini hayo ulipikwa kilomita zaidi ya 30 chini.

Mwenzetu mmoja alihoji haya yanamfaa nini mchimba visima. Yanamfaa: mwamba uliokwisha kupangwa mistari hupenda kupasukia humo humo, na maji ya visima vyetu hukaa kwenye mipasuko. Hata Bonde la Ufa huongozwa na miamba ya kale: likitoka kaskazini, hutawanyika likifika kwenye kiini hiki. Walimu wa jiografia wapeleke wanafunzi Mautia, lakini nyundo zibaki shuleni, maana yoderaiti hupatikana mahali pachache mno duniani.