Ameruhusiwa, Lakini Hajaachiliwa

Katika hospitali ndogo za pwani yetu ya kusini kuna maneno mawili ambayo mgeni angeyadhani kuwa ni kitu kimoja. Daktari akimaliza kazi yake husema mgonjwa ameruhusiwa. Mhasibu naye husema hajaachiliwa. Kati ya maneno hayo mtu aliyepona huweza kulala wiki nzima wadini, mlinzi akiwa mlangoni, na kila usiku anaolala kwa sababu ya deni unaongezwa juu ya deni lilo hilo.

Tulimkuta mzee mmoja katika hali hiyo, si mbali na Diani. Ni mgema, aliyeanguka kutoka mnazini akavunjika mguu. Hospitali hatuitaji. Mkwewe ndiye aliyetumwa duka la dawa kununua glavu, bandeji na maji ya mshipani. Mkewe alilala sakafuni kando ya kitanda ili amgeuze mumewe usiku, maana zamu ilikuwa na muuguzi mmoja kwa wadi nzima. Muuguzi huyo hatumlaumu; tulimwona akikimbia. Kisha ikaletwa hesabu ya gharama, na ndani yake imo huduma ya uuguzi!

Wakristo wenzetu wanaijua vyema habari ya Msamaria. Twaihubiri sana ile sehemu ya barabarani, tukaisahau ya nyumba ya wageni. Yule mtu aliyepigwa alilazwa, akauguzwa usiku kucha, na mwenye nyumba akaahidiwa kulipwa kilichozidi. Hakuna aliyemfungia ndani majeruhi hadi fedha ije.

Uchangiaji wa gharama uliletwa hospitalini Desemba 1989, Bunge likiwa la chama kimoja. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, chama kimoja kikakoma, lakini daftari la mhasibu lilibaki. Leo hatuwezi tena kusema sheria haipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika shauri la wanawake waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua, ilitamka kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Deni hudaiwa kwa njia ya madai kama deni lolote. Sisi tuliosomea sheria tunaona aibu kwamba hukumu hiyo haijafika kwenye lango la wadi.

Kisingizio cha Nairobi nacho kimekwisha. Tangu 2013 hospitali za wilaya na zahanati ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo idadi ya wauguzi wa Kwale huamuliwa Kwale. Sheria ya 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya inataka mapato ya hospitali yabaki hospitalini yakatumike papo hapo. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeipisha SHA. Lakini kanuni zake humtaka asiye na mshahara alipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na mgema hupata riziki yake kwa siku. Aliyeandika kanuni hiyo hakika hajawahi kupanda mnazi.

Wapo watakaosema hospitali haiwezi kuendeshwa kwa huruma. Ni kweli, na hatuombi huruma. Hospitali isiyolipwa hufunga milango, na hilo ni dhuluma nyingine. Tunachotaka ni hesabu: mapato yaliyokusanywa wadini yalikwenda wapi, na kwa nini glavu zinunuliwe ng'ambo ya barabara.

Basi waumini wa makanisa, na ndugu zetu wa misikitini ambao ndio wengi hapa, tuache kungoja mchango wa mazishi. Mikutano ya bajeti ya kaunti ni ya wananchi wote kwa mujibu wa Katiba, na kifungu cha 35 chatupa haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali. Barua yetu ya kwanza itauliza jambo moja tu: usiku wa Jumamosi, katika wadi ya wanaume, kuna wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi?