Mwananchi asome hukumu yake mwenyewe

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kutamka kwamba lugha ya sheria na ya mahakama itakuwa Kiswahili. Kabla ya hapo, Mahakama za Mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili, lakini rufaa ilipofika juu, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwenye shauri la shamba au mirathi alitoka mahakamani akiwa na karatasi asiyoweza kuisoma, akamtegemea wakili amweleze kama ameshinda au ameshindwa, na kwa sababu gani.

Marekebisho hayo yalikuwa ya haki. Hata hivyo, sheria iliacha mlango wa kutumia Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji, na kanuni za mwaka 2022 zikaainisha mazingira yake. Tunakubali kwamba upo ulazima: sheria nyingi na maamuzi ya rejea viliandikwa kwa Kiingereza, na mawakili walisomea lugha hiyo. Lakini dharura isigeuzwe kuwa desturi.

Serikali iharakishe tafsiri ya sheria zote. Vyuo vifundishe sheria kwa Kiswahili. Mahakama ihakikishe kila hukumu iliyoandikwa kwa Kiingereza inamfikia mhusika ikiwa na tafsiri, bila gharama na kabla muda wa kukata rufaa haujakwisha. Asiyeelewa sababu za kushindwa hawezi kukata rufaa ipasavyo, na haki yake inabaki nusu.