Baba Anapopoteza Kazi

Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliondoka katika kazi ya Gécamines, kule Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Tangu zamani za Union Minière, kampuni ile haikutoa mshahara tu, bali na posho ya unga, shule na hospitali. Basi aliyeondoka, akiwa ameshinda miezi mingi bila mshahara, alishikishwa fedha mara moja, akaambiwa kwaheri.

Fedha za namna hiyo hudanganya macho. Ukitoa madeni ya dukani, karo na unga wa mwaka, hubaki kidogo. Kwa hiyo twawasihi akina baba: jioni ile ile keti na mama wa nyumba, mzihesabu pamoja, usifiche hata faranga moja. Wako watokao alfajiri kana kwamba wanakwenda kazini, kwa kuona haya; mke akaipata habari sokoni. Ni huzuni kubwa. Tena ni upumbavu, kwa maana katika miaka ile ya mishahara kukosekana, nyumba nyingi zililishwa na mashamba na biashara ndogo za akina mama. Nani ajuaye hesabu hiyo kuwapita?

Watoto wakubwa nao waambiwe, kabla karo haijadaiwa.