Safari Fupi ya Majira ya Baridi: Mji Upi?

Ndugu msomaji, mwezi uliopita nililetewa waraka na kijana mmoja niliyemsomesha chuoni hapa Kilwa Masoko. Sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto watatu, na kazi yake iko Uingereza. Baada ya salamu aliniuliza hivi: "Mwalimu, mwisho wa Desemba nimepata likizo ya siku chache, nami nataka kuwatoa watoto katika baridi na giza la huku. Wenzangu wananitajia Paris, na Sarajevo, na Granada. Niende mji upi?"

Nilitabasamu, kwani safari yangu mimi ya mbali ni Unguja. Lakini mwanafunzi akimwuliza mwalimu wake haifai kuachwa bila ya jibu. Nami nalileta hapa kwa kuwa nyumba nyingi za pwani yetu zina watoto wao ughaibuni.

Kwanza, mwanangu, tazama mfuko wako. Safari ya kupumzika ni halali, lakini si halali kuikopea fedha za riba. Tena ikiwa ungali na paspoti ya Tanzania, ujue ya kwamba kukaa Uingereza hakukupi ruhusa ya kuingia Ufaransa wala Uhispania bila ya viza, basi iombe mapema.

Pili, sala. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri wa mbali aliyeazimia kukaa pungufu ya siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne na kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri, kadhalika Magharibi na Isha. Ukiazimia siku nne kamili au zaidi, wasali kamili tangu ufikapo. Hili wafundishe na watoto, ili wajue ya kuwa dini husafiri pamoja nao.

Sasa miji yenyewe. Paris ina Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 1926, lakini baridi yake ni jamaa ya hiyo unayoikimbia. Sarajevo ni mji wenye heshima kubwa. Msikiti wa Gazi Husrev-beg ulijengwa karibu na mwaka 1531 na hata leo waadhiniwa; chakula cha halali hakitafutwi kwa taabu; na wenyeji wake walisubiri mazingiwa tangu 1992 hata 1996. Ila Desemba huko ni theluji, na jua huchwa mapema.

Mimi nakuchagulia Granada. Usiku wake ni wa baridi, kwani milima yenye theluji iko karibu, lakini mwezi huo jua huchwa kadiri ya saa kumi na mbili jioni, hali London huchwa kabla ya saa kumi. Mtaa wa Albayzín una msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, unaoelekea ngome ya Alhambra. Tikiti za Alhambra zina idadi kila siku, na majumba ya wafalme huingiwa kwa saa iliyoandikwa. Basi zinunue kabla ya kuondoka. Kutani mle wamechonga mara nyingi kwa Kiarabu maneno ya kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mwanao aliyekwisha kujua herufi na ayatafute kwa kidole.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake. Mnamo mwaka 1350 msafiri yule yule akaingia Granada. Sultani wa huko alikuwa mgonjwa, hakuonana naye, ila mama yake Sultani akampelekea dinari za dhahabu. Basi mtu mmoja aliiona miji yote miwili katika neema yake. Majumba ya Alhambra na Husuni Kubwa ya Kisiwani ni ya karne moja, ya 14, na kote waliyajengea maji mahali pake: kule birika za nyuani, na huku birika la pembe nane juu ya bahari. Na yote miwili ilipatikana na msiba kwa karibu: Granada ilikabidhiwa kwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492, na Kilwa ikatekwa na Wareno mwaka 1505.

Watoto wako wakiona nusu ya habari hii tu, wataamini ya kuwa mambo makubwa yalitendeka kwa watu wengine.

Nimalizie kwa jambo ambalo hukuniuliza. Juzi nilipita kwa mama yako. Alinionyesha picha ya mjukuu wake mdogo katika simu, mtoto ambaye hajapata kumpakata, kisha akaniuliza: "Mwalimu, huyu anajua Kiswahili?" Nami sikuwa na jibu la kumpa.

Basi nenda Granada siku zako tatu, ukae salama. Lakini fedha zitakazobaki usizipeleke mji mwingine. Ziweke mpaka Julai, shule za huko zifungwapo, hapa kwetu ni kusi na hewa ni baridi. Wachukue watoto kwa mashua kutoka Masoko hadi Kisiwani, wasimame kando ya birika la Husuni Kubwa, na bibi yao awe amewashika mikono. Yeye ndiye atakayewaeleza, kwa Kiswahili, na wewe utanyamaza.

Wabillahi taufiki.