Nyumba ya Ndoto, Ndoto ya Nani?

Mdogo wangu alinitumia ramani kwa simu usiku wa Alhamisi. Picha ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Bati la rangi ya damu ya mzee, madirisha ya alminiamu, nguzo mbili mlangoni utadhani ni benki, na mbele limeegeshwa gari ambalo hakuna mtu kwetu analo. Chini yake kaandika: "Dada, hii ndiyo nyumba ya ndoto ya wazee. Vyumba vinne, kimoja masta, jiko la wazi, choo cha pablik. Tukichanga wote nane, kufikia Idd tunapaua."

Asubuhi nikampelekea mama simu. Alikuwa anachagua mchele. Akavaa miwani, akaitazama ile picha, kisha akaniomba nimwoneshe vyumba kwa ndani. Akafuata mistari kwa kidole, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya serikali.

"Nzuri," akasema. "Sasa mimi nitapita wapi?"

Naandika makala haya kwa sababu ya swali hilo, na kwa sababu nimechoka kusikia neno "ndoto" likitumika kuuza nyumba ambazo waotaji hawakuulizwa.

Sisi ni watu wa Kilwa Kivinje, kiwanja kiko Masoko. Tumezaliwa wanane. Siku ya kawaida nyumbani wapo watu kumi na wanne. Idd wakija wakwe na wajukuu wa Lindi, Mtwara na Dar, tunafika thelathini na tunalala kama dagaa. Ni nyumba ya swala tano. Baba hakuwahi kukosa jamaa msikitini mpaka miguu ilipomgomea. Mama hakai mbele ya mwanamume asiye maharimu wake bila kujitanda, na hajawahi kuniambia kwamba hilo ni mzigo. Ndivyo alivyo.

Sasa itazame ramani. Ukifungua mlango wa mbele unaangukia sebuleni. Jiko halina ukuta, linaiangalia sebule. Milango yote ya vyumba inafunguka kwenye kijia kinachoanzia sebuleni. Choo cha wote kipo mwanzoni mwa kijia. Maana yake, mgeni wa kiume akikaa kwenye kochi, mama hawezi kutoka chumbani kwenda jikoni, wala wajukuu wa kike hawawezi kwenda kuoga, mpaka yule bwana amalize chai yake na aage. Na wageni wa pwani tunawajua. Hawaagi mara moja.

Mtaniambia: dada, mbona unakuza mambo? Ngoja niwaeleze ya mama mdogo.

Mume wake alifariki Dar, kwenye nyumba yao mpya, yenye ramani inayofanana na hii kama pacha. Maiti aliogeshwa kwenye banda la gari, tukazungushia mashuka kwa kamba, upepo ukiyainua watu wazima tunakimbilia ncha. Wanaume walikaa chini ya turubai barabarani. Wanawake tulijazana vyumbani. Kila mwanamume aliyetaka choo alipita katikati yetu akiinamisha kichwa, maskini, naye hakuwa na kosa. Hayo yalikuwa ya siku tatu. Kisha tukaondoka, mama mdogo akabaki na eda.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Alikaa ndani ya masta ya vigae na feni ya dari, mlango ukifunguka kwenye kijia cha sebuleni. Watoto wake wakubwa walikuwa na marafiki, wadai walikuja kuuliza madeni ya marehemu, mafundi walikuja kutengeneza king'amuzi. Kila hodi ilipopigwa alifunga mlango. Aliniambia baadaye kwamba alijifunza kuweka jagi la maji chini ya kitanda, kwa sababu kuna siku alikaa na kiu tangu adhuhuri mpaka magharibi akisubiri watu waondoke ndipo afike jikoni. Nyumba yake mwenyewe. Tofali alizozimwagilia maji kwa mikono yake.

Mama alimkumbuka alipoitazama ile ramani. Akasema, bila kuinua macho kwenye ungo, "Mimi sitaki kukaa eda vile." Baba alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, akakohoa, akacheka: "Mnanizika nami nasikia." Tukacheka wote. Lakini hiyo ndiyo hali. Tunajenga nyumba ambayo baba atafia na mama atamlilia. Asiyetaka kuyataja hayo wakati wa kuchora, atayataja akiwa ameshika ncha ya shuka.

Hebu tulitazame neno sebule lenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu, sabule kilikuwa chumba cha mgeni kilichowekwa karibu na mlango, kusudi mgeni apokewe, ale, alale, asihitaji kuvuka kwenda ndani. Ilikuwa ngao ya familia. Leo tumelichukua neno hilohilo tukalisukuma katikati ya nyumba, tukazungushia vyumba, na ngao imekuwa uwanja wa maonesho.

Huna haja ya kwenda Lamu. Panda mashua hapo Masoko uende Songo Mnara. Magofu yale ya karne ya 14 na ya 15, ambayo pamoja na Kilwa Kisiwani yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, mengi ni nyumba za kuishi watu. Unaingia uani kwanza, penye ngazi na mahali pa kukaa. Kisha vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, upana wake ukifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kila kizingiti unachovuka kinakuuliza: wewe ni nani wa nyumba hii? Mgeni huishia pale. Ndugu husogea. Mwenye nyumba hufika mwisho.

Na wasiokuwa na mawe na chokaa nao hawakusahau. Nyumba ya ukumbi tuliyokulia Kivinje, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, uani nyuma penye jiko, kisima na choo, ilikuwa na akili ileile kwa udongo na makuti. Wanaume barazani, wanawake uani, na mlango wa uani ukitokea kichochoroni, ukienda kwa jirani bila kupita mbele ya baraza. Leo nyumba hiyo tunaiita "ya wapangaji", tunaionea haya. Ilipokufa haya yetu kwa wazazi, ikazaliwa haya kwa bati.

Wapo watakaosema dini ni moyoni, tofali halina dini. Nawajibu kwa mfano wa mbali kidogo, ili asiseme mtu kwamba navutia kwangu. Familia za Kiyahudi zilizoshika dini, nazo zina watoto wengi kama sisi. Wakipanga nyumba hawaanzi na picha, wanaanza na sheria zao. Nyama na maziwa havichanganywi, basi mwenye uwezo anajenga masinki mawili na makabati mawili. Sikukuu ya Vibanda inawataka wale ndani ya kibanda kilicho chini ya mbingu wazi, basi katika mitaa ya washika dini kule Jerusalem utaona maghorofa yenye roshani zilizopishana, ya juu isiifunike ya chini. Ghorofa zima limepinda kwa ajili ya wiki moja ya mwaka! Na Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamtaka anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Hawa hawaoni aibu kumwambia fundi: sisi tunaishi hivi, tujengee hivi. Aibu ni yetu sisi.

Ilhali na sisi tumeambiwa. Surat An-Nur inakataza kuingia nyumba za watu bila kubisha na kusalimia, na aya yake ya 58 inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa: kabla ya swala ya alfajiri, mchana watu wanapovua nguo, na baada ya isha. Hodi inahitaji mlango. Jiko la wazi utalipigia hodi wapi?

Sasa niwatendee haki wapinzani wangu, maana wana hoja.

Mmoja, shemeji yangu wa Lindi, aliniambia: unaililia nyumba iliyomfungia mwanamke, tena nyumba iliyojengwa kwa jasho la watumwa. Hapo alinipata. Kivinje yetu ilinenepa katika karne ya 19 kwa misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na milango ya nakshi tunayoipiga picha ilinunuliwa kwa fedha hizo. Nyumba ya mawe ilikuwa na faragha kwa bibi wa nyumba. Kijakazi wake hakuwa na mlango wa kufunga. Sidai turudi huko. Ila tazama mama mdogo: nani alimfungia? Siyo ukuta. Ni kukosekana kwa ukuta. Mwenye milango miwili anachagua atokee upi. Mwenye mmoja unaotazamana na kochi la wageni, huyo ndiye mfungwa.

Mwingine, msomaji wa tenzi, alinikumbusha Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate yaliyobomoka, ndege wamehamia kwenye madaka, akamuonya moyo wake usidanganywe na dunia. Basi ya nini kuhangaika na nyumba? Naafiki onyo. Lakini onyo hilo linakwenda kwa nani? Kisiwani kwetu yapo magofu ya Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Vyumba zaidi ya mia, birika la kuogelea la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Lilikaliwa muda mfupi tu. Msikiti Mkuu wa Kisiwani watu waliendelea kuutumia na kuutengeneza; kasri wakaliacha. Nguzo mbili za benki kwenye kiwanja cha Masoko ni Husuni Kubwa ya maskini. Ukuta wa kumsitiri mama si fahari ya dunia.

Wa tatu ni mdogo wangu, na hoja yake ni pesa. Hapo nitabishana naye mpaka Idd. Ukuta wa jiko na mlango wa nyuma ni tofali chache, fremu na bawaba. Zipigie hesabu nguzo, gipsamu ya ngazi mbili na kona tano za paa, halafu uniambie pesa imekwenda wapi.

Basi kabla hujatuma hela ya ramani, ichukue hiyo picha uitembeze nyumbani na maswali haya. Mama akitoka chumbani kwenda chooni na jikoni, atapita mbele ya nani? Wanawake arobaini wakija msibani, watakaa wapi, na wataingilia mlango gani? Maiti ataogeshewa wapi, na jeneza litapinda kwenye kona ipi? Lamu walikuwa na nyumba ya kati kwa shughuli hiyo. Sisi tutengee hata kipembe cha uani chenye bomba na mfereji. Wavulana na wasichana wakifikia umri wa kutenganishwa malazi, vyumba vinatosha? Pilau la Idd litapikiwa wapi, na changu akikaangwa, harufu itaishia kochi la nani? Mzee asiyeweza kuinama atatawadhia wapi?

Na la mwisho: kibla kiko wapi? Sisi wa Kilwa tumepewa bahati, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Ukiweka nyumba ikitazama kaskazini na kusini, chumba cha kuswalia kinanyooka, safu hazikai mshazari na pembe za ukuta. Pepo zetu nazo ni hizohizo: kaskazi huja huku, kusi huja kule, na jua la asubuhi na la jioni linapiga kuta fupi. Ramani ya kwenye simu haijui kiwanja chetu kimelalia wapi.

Jumamosi tulikwenda kiwanjani, mama, baba, mimi na fundi. Baba akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe. Mama alikuja na ndoo ya majivu. Akachora: baraza hapa, chumba cha mgeni na choo chake hapahapa mbele, mlango wa kati, kisha ndani, kisha uani na mlango wake wa nyuma. Fundi alishika kiuno. "Mama, hii si ya kizamani?"

"Na mimi ni wa kizamani, baba. Jenga."

Nikapiga picha ile mistari ya majivu nikamtumia mdogo wangu, pamoja na maswali yote niliyoyaandika hapo juu. Alikaa siku mbili kimya. Jana usiku akajibu kwa mstari mmoja: "Sawa dada, lakini gari litaegeshwa wapi?"

Sijamjibu. Kwanza anunue gari.