Barua za Askari na Kalamu ya Karani

Katika vita vya 1939 mpaka 1945 askari wa K.A.R. walipelekwa Uhabeshi, Madagaska, Ceylon, na mwisho Burma. Mengi yamekwisha semwa juu ya bunduki zao. Sisi twapenda kusema neno juu ya barua zao, maana ni jambo lililopita mikononi mwa makarani waliotutangulia.

Mke aliyebaki nyumbani, asiyejua kusoma, alichukua bahasha yake akamtafuta karani, mwalimu, au mtoto wa shule. Jibu lilitungwa papo hapo, watu wakisikiliza. Hata lilipomfikia mumewe katika bonde la Kabaw, ambako Divisheni ya 11 ilipigana katika mvua za 1944, lilikuwa limepita machoni pa mwandishi, na pa mkaguzi wa barua za vita, na pengine pa askari mwenziwe aliyemsomea. Siri ya watu wawili ikawa ya watano.

Juu ya mkaguzi hatuna maneno mengi. Hakumjua yule mama. Mwandishi ndiye aliyemjua. Huenda alikuwa mtoto wa shemejiye, na neno alilotaka mama kulisema lilikuwa juu ya shemeji huyo huyo: ya kwamba fedha iliyokatwa katika mshahara wa mumewe kwa ajili ya nyumba haikufika jikoni. Atalisemaje? Akasema tu, "Mwambie sisi hatujambo."

Tena wako makarani ambao, kwa kutaka sifa ya elimu, walijaza ukurasa kwa salamu na hofu ni kwako, hata habari ya mtoto mgonjwa ikabanwa katika mstari wa mwisho, chini yake sahihi ya mwandishi yenye mikia mitatu. Wengine walililainisha neno kali ili askari asivunjike moyo. Nia yao twaifahamu, lakini hatuikubali. Mume aliye mbali husoma hata yale yasiyoandikwa, na barua isiyo na shauri lo lote la nyumba humtia shaka kuliko barua ya ugomvi.

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa Afrika ya Mashariki. Huenda walikuwamo waume ambao neno la mwisho walilolipata kwa wake zao halikuwa la wake zao, bali la karani.

Labda msomaji atasema hayo yamepita. Je, hawaji watu mpaka leo na karatasi zao, wakituomba tuwaandikie? Basi yatupasa kuwatoa wasikilizaji nje kwanza, na kuandika kama tunavyoambiwa, hata kama maneno hayana nahau nzuri. Na karani asiye na subira ya kumsomea mama barua yake kabla ya kuifunga, na aseme mapema kwamba hana nafasi, ili mama amtafute mwingine.