Trap ya giza: kaburi limegeuzwa pambo



Ndugu zangu wazazi, baada ya kumshukuru Allah na kumswalia Mtume wetu (s.a.w.), leo tuzungumze kuhusu muziki ambao huenda mwanao anausikiliza chumbani sasa hivi, nawe hujui hata jina lake. Ni trap ya giza.

Usikimbilie kusema "huyo ni shetani tu" ukafunga mjadala. Sikiliza kwanza. Besi imezidishwa mpaka inakwaruza. Kinanda kinarudia noti tatu nne za huzuni, kama filamu ya kutisha. Sauti ya mwimbaji imepunguzwa kasi ikawa nzito, au ananong'ona kisha ghafla anapiga mayowe. Mizizi yake mikubwa iko Memphis, Marekani, ambako miaka ya 1990 kina DJ Paul na Juicy J wa Three 6 Mafia walisambaza kanda za kaseti zenye midundo ya namna hii. Kaseti zile zilichakacha kwa sababu vifaa vilikuwa duni. Vijana wa leo wana kompyuta safi, lakini mchakacho wanautia makusudi! Picha nazo vivyo hivyo: video imechakazwa ionekane kama mkanda wa zamani wa VHS, na ndani yake mafuvu, misalaba iliyopinduliwa, makaburi.

Hapo kwenye makaburi ndipo nilipo na neno. Sisi tumefundishwa kuzuru makaburi ili tuikumbuke Akhera. Mtu akitoka pale akalipe deni la watu, akapatane na nduguye. Katika video hizi kaburi halimdai mtu chochote. Hakuna maiti mwenye jina, hakuna mjane, hakuna hesabu. Ni pambo nyuma ya msanii, na kijana mwenye huzuni akilitazama kila usiku hulizoea kama pazia la chumbani kwake.

Wala msidhani huzuni ile ni maigizo. Lil Peep, aliyechanganya trap na magitaa ya huzuni, aliimba kuhusu vidonge na kufa. Alifariki Novemba 2017 akiwa na miaka 21, kwa fentanyl na Xanax. Scrim, mmoja wa binamu wawili wa New Orleans waliojiita $uicideboy$ (jina lenyewe linataja kujiua), amesema hadharani kwamba dawa za kulevya zilimtawala mpaka akatafuta matibabu.

Msimamo wangu kuhusu muziki mnaujua, nimeusema mimbarini mara nyingi. Lakini kuvunja simu ya mtoto ni kazi ya dakika moja, na huzuni inabaki palepale. Mwulize: wimbo huu unakuambia nini? Akijibu kwamba unasema anachokihisi, usimkatize kwa mawaidha. Nyamaza umsikie. Akitaja kujiua, usimwache peke yake usiku huo. Mpeleke hospitali. Kwangu mje baadaye, nitawangoja.